Sofia Kawawa: Binti wa Tunduru Aliyeipeleka Familia Mezani pa Serikali

Na Mwandishi Wetu

Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara inataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa hiyo mwananchi wa Namswea, wilayani Mbinga, ambaye ndoa yake imepata mtikisiko hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani kuomba talaka bila shauri lake kupita kwanza mbele ya baraza, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria hiyo. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida, kana kwamba limekuwapo siku zote. Ukweli ni kwamba kabla ya mwaka 1971 halikuwapo kwa sura hii, na miongoni mwa watu ambao maisha yao yalifungamana na mabadiliko hayo ni mwanamke aliyezaliwa katika mkoa huu huu wa Ruvuma, upande wa mashariki, katika kijiji cha Masonya, Tunduru. Huyo ni Sofia Kawawa.

Alizaliwa mwaka 1936. Tunduru ya wakati huo ilikuwa wilaya ya mbali, yenye barabara mbovu na misitu mikubwa. Wayao, ambao ni wengi katika wilaya hiyo, hufuata ukoo wa mama: mara nyingi mume ndiye anayehamia kwa wakwe zake, na watoto huhesabiwa upande wa mama yao. Ukisafiri kuelekea magharibi, ukavuka Songea na kupanda milima ya Umatengo, mambo hugeuka. Wamatengo hufuata ukoo wa baba, shamba la ngoro na baadaye shamba la kahawa hurithiwa upande wa mwanamume, na mke huwa mgeni aliyeletwa. Mkoa mmoja una desturi mbili zinazopingana kuhusu nani ana haki gani ndani ya nyumba, na swali la jinsi sheria moja ya nchi inavyoweza kuzihudumia familia za namna zote mbili lilikuwa swali la nyumbani kwa mtu wa Ruvuma kabla halijawa swali la Bunge.

Jambo jingine liliugusa mkoa mzima. Katika miaka ya ukoloni, Songea na viunga vyake vilikuwa hazina ya nguvukazi ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume walichukuliwa kwa mikataba, wakaitwa manamba, wakaacha nyuma wake, wazee na watoto. Mshahara uliolipwa mashambani ulipangwa kwa hesabu ya mtu mmoja asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto waliobaki kijijini wangejilisha wenyewe. Katika milima ya Mbinga, kilimo cha kahawa kilichoshika mizizi baina ya vita viwili vya dunia kiliwasaidia wanaume wengi kupata fedha ya kodi bila kuondoka nyumbani. Mahali kahawa haikufika, nyumba ziliendelea kubaki bila baba kwa msimu baada ya msimu. Kizazi cha Sofia kilikulia katika hali hiyo.

Aliolewa na Rashidi Mfaume Kawawa, naye mtoto wa mkoa huu, aliyezaliwa Matepwende katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo. Rashidi alifanya kazi katika Idara ya Maendeleo ya Jamii ya serikali ya kikoloni, akaigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisha akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1955. Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakiimarishe chama, Rashidi ndiye aliyeshika nafasi hiyo mpaka nchi ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba mwaka huo. Serikali yake ya miezi hiyo michache iliweka kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, kilichoanza kutumika mwaka 1963, kikiwa shilingi 150 kwa mwezi katika jiji la Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mshahara ulikusudiwa umtosheleze mfanyakazi anayeishi na mkewe na watoto wake. Wanauchumi wamebishana sana kuhusu matokeo yake, kwa kuwa mashamba mengi ya mkonge yalipunguza wafanyakazi. Hata hivyo, hesabu ya mtu mmoja asiye na familia haikurudi tena katika sera ya mishahara ya nchi.

Inafaa kusema wazi kwamba Sofia Kawawa hakuwa kivuli cha mumewe. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliokitumikia chama cha TANU katika miaka ya kudai uhuru, wakati Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwakusanya wanawake wa Dar es Salaam na mikoani kwa maelfu. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ambao baada ya Muungano ukawa wa Tanzania, Sofia alikuwa mmoja wa waasisi wake, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wa kwanza. Kazi ya UWT katika miaka ya mwanzo ilikuwa ya chini kwa chini: kisomo cha watu wazima, mafunzo ya mapishi, ushonaji na usafi, maduka ya ushirika, na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana ili mama aende shambani au kazini. Wapo waliozidharau kazi hizo wakisema ni mambo ya jikoni. Lakini mwanamke aliyejifunza kusoma katika darasa la UWT ndiye baadaye aliyeweza kuisoma kadi ya kliniki ya mwanawe.

Jambo kubwa la kwanza likawa la ndoa. Wakati wa uhuru nchi ilikuwa na mifumo kadhaa ya ndoa iliyokwenda sambamba bila kukutana: ya kimila, ambayo kila kabila lilikuwa na yake, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kihindu, na ya kiserikali. Mwanamke aliyeachwa alitegemea bahati ya mfumo alioolewa ndani yake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka wa Serikali Namba 1, ikapendekeza sheria moja ya ndoa, na mapendekezo hayo yakapelekwa kwa wananchi wayajadili. Nchi nzima ilizungumza. Jambo lililowasha moto zaidi lilikuwa la kumpa mke wa kwanza kauli pale mumewe anapotaka kuoa tena. Wabunge wengi wanaume walilipinga, wakaona ni kumtoa mume katika cheo chake. UWT ilisimama upande wa mabadiliko.

Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, ilipitishwa wakati Rashidi Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais. Ilikuwa sheria ya maafikiano. Ndoa za wake wengi hazikufutwa. Badala yake ndoa zote zilitakiwa kuandikishwa, nia ya kufunga ndoa ikatakiwa kutangazwa siku 21 kabla, na mke aliyeko akapewa haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano ikiwa ndoa mpya ingewatia yeye na watoto katika dhiki. Mume akawekewa wajibu wa kumpa mkewe na watoto makazi, mavazi na chakula. Kifungu cha 66 kikatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, jambo ambalo katika Afrika ya mwaka 1971 halikuwa dogo hata kidogo. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili na kutambuliwa na jamii kama mke na mume wakawekewa dhana ya ndoa, ili mwanamke asifukuzwe kama mpangaji. Na mahakama ikapewa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjika.

Kifungu hicho cha mali kilikaa kwa zaidi ya miaka kumi bila majaji kukubaliana juu ya maana yake. Je, mke aliyepika, aliyefua na kulea watoto bila kuleta mshahara alikuwa amechangia? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Mama aliyefungua shauri lile hakufanikiwa kupata fungu alilodai, kwa sababu nyingine zilizohusu mwenendo wake katika matumizi ya fedha, lakini kanuni ilibaki. Kwa mkulima wa kahawa wa Namswea, ambaye mara nyingi jina la mumewe ndilo lililoandikwa katika daftari la chama cha msingi huku yeye akiwa ndiye aliyepalilia, aliyechuma na kukoboa, kanuni ile ina uzito wa pekee.

Jambo la pili, na huenda ndilo lililomtambulisha zaidi Sofia Kawawa mbele ya wafanyakazi, ni likizo ya uzazi. Hadi katikati ya miaka ya 1970, mwanamke mwajiriwa aliyekuwa na cheti cha ndoa ndiye aliyeweza kupata likizo yenye malipo anapojifungua. Asiyeolewa hakuwa na haki hiyo. Wauguzi, walimu na makarani vijana walijikuta wakichagua baina ya kazi na mtoto; wengine walificha ujauzito mpaka siku za mwisho, wengine walirudi kazini wakiwa bado na uchungu wa kujifungua. Hoja ya waliopinga mabadiliko ilikuwa moja na iliyorudiwa mara nyingi: kumlipa asiyeolewa ni kuupa uzinzi thawabu. Hoja ya UWT ilikuwa kwamba mtoto anayezaliwa hana kosa, na kwamba ziwa la mama halitoki kwenye cheti cha ndoa. Ilikuwa hoja ya kiustawi zaidi kuliko ya kimaadili. Serikali ikalazimika kuamua ni nani hasa inayemlinda: ndoa kama taasisi, au mama na mtoto kama watu.

Mwaka 1975, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, sheria ya ajira ilirekebishwa. Mwanamke mwajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa, akapata siku 84 za likizo yenye malipo, mara moja katika kila miaka mitatu. Rashidi Kawawa ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Waliosema kwamba uamuzi ule ulianzia chumbani kwa Waziri Mkuu walikusudia kejeli, lakini waliisahau miaka mingi ya vikao vya UWT katika matawi na wilaya, ambako wanawake wenyewe walilileta jambo hilo. Siku 84 zimebaki hadi leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezirithi, ikaongeza hadi siku 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, ikampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, na ikampa baba siku tatu.

Ni kweli kwamba haki hiyo ilimfikia kwanza mwanamke wa mshahara, naye alikuwa mmoja kati ya wengi. Mwanamke wa kijijini, anayelima mteremko wa Namswea au kuanika dagaa kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, hana mwajiri wa kumpa likizo. Kwake Serikali ilikuja kwa njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu kupitia redio na vikundi vya kusikiliza, ikahimiza vyoo, maji safi na kujikinga na malaria. Mwaka 1974 huduma za afya ya mama na mtoto ziliwekwa chini ya mpango mmoja wa taifa, na wasaidizi wa huduma hizo wakaanza kufundishwa na kupelekwa kwenye zahanati za vijijini. Ada ya shule za msingi iliondolewa, na mwaka 1977 ukawa mwaka wa elimu ya msingi kwa wote. Katika miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na hapo Serikali iliigusa familia kwa mkono mzito: wapo walioondolewa katika mashamba yao kwa nguvu. Huduma na machungu vilikuja katika msafara mmoja, na wazee wa Ruvuma wanayakumbuka yote mawili.

Mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, na UWT ikawa jumuiya ya chama hicho kwa pande zote mbili za Muungano. Sofia Kawawa aliiongoza kama mwenyekiti kuanzia mwaka 1980 hadi 1990. Ulikuwa muongo mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, bidhaa zilikuwa adimu, na mama wa mjini alipanga foleni ya unga, sabuni na sukari tangu alfajiri. Hata hivyo katika muongo huo Tanzania iliridhia, mwaka 1985, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na suala la sheria zinazomhusu mwanamke likarudi mezani.

Likarudi kwa kishindo mwaka 1988. Akiwa mwenyekiti wa UWT, Sofia Kawawa alitoa kauli hadharani akitaka zirekebishwe sheria za ndoa na mirathi alizoziona zinamnyima mwanamke haki, zikiwemo zile zinazotokana na sheria za Kiislamu. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu. Kauli hiyo iliwaumiza waumini wengi walioiona kama kuingilia maandiko, na Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki na mambo ya ndoa ya Waislamu huamuliwa na mahakama za kadhi, hasira ilikuwa kubwa zaidi. Hali ya kisiasa visiwani ilikuwa tayari imechafuka baada ya Waziri Kiongozi Seif Sharif Hamad kuondolewa madarakani mwezi Januari. Ijumaa ya tarehe 13 Mei 1988 watu waliingia mitaani, polisi wakatumia nguvu, na watu wakapoteza maisha.

Tukio hili haliwezi kuachwa nje ya simulizi ya maisha yake, ingawa baadhi ya wanaomkumbuka hupenda kulipitia haraka. Mumewe wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa CCM. Alichokitaka Sofia kuhusu haki ya mjane na mke kimekuja kuzungumzwa tena na wengi, wakiwemo wanawake Waislamu waliorejea katika mafundisho ya dini yao wenyewe kuonyesha kwamba mwanamke ana fungu lililotajwa waziwazi katika mirathi, fungu ambalo mara nyingi ni desturi, na si dini, ndiyo inayomnyang'anya. Njia hiyo ya polepole, ya kuzungumza na wenye imani kutoka ndani, haikupewa nafasi mwaka 1988. Mjadala wa sheria ya familia ulipoa kwa miaka kadhaa, na viongozi waliofuata waliligusa suala la mirathi kwa tahadhari kubwa.

Aliondoka katika uongozi wa UWT mwaka 1990. Mwaka huo huo Serikali iliunda wizara yenye jukumu la maendeleo ya jamii, wanawake na watoto, ikimaanisha kwamba kazi ambazo kwa miaka mingi zilifanywa na jumuiya ya chama sasa zilikuwa na ofisi, bajeti na watumishi wa umma. Sofia Kawawa alifariki Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 58. Rashidi aliishi miaka 15 zaidi, akafariki tarehe 31 Desemba 2009.

Mambo aliyoyadai yaliendelea bila yeye, mengine kwa kasi na mengine kwa kusuasua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na ikataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Hilo linahusu moja kwa moja mteremko wa ngoro na shamba la kahawa. Umri wa kuolewa, ambao sheria ya 1971 iliuweka miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana, ulifikishwa mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Wilaya ya Nyasa ilipogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, wananchi wa mwambao walipata halmashauri yao, pamoja na maofisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii walio karibu zaidi kuliko kupanda milima hadi Mbinga mjini.

Upande wa mirathi, tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililoandikwa mwaka mmoja tu baada ya UWT kuzaliwa, bado linampa mjane wa ukoo wa baba nafasi finyu: hutarajiwa kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ambao nchi iliuridhia wakati wa uenyekiti wa Sofia Kawawa ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Tanzania walioondolewa katika nyumba za waume zao chini ya tamko hilo, ikataka sheria hiyo irekebishwe. Mume anayetaka mkewe abaki katika shamba walilolima pamoja anaweza kuandika wosia sasa, akiwa hai na mwenye akili timamu, na kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA.